Kinyama kimeshapimwa, kwa nini tena CT scan?

SWALI: Daktari, shikamoo. Baba yangu, mwenye umri wa miaka 63, amekuwa na sauti ya kukwaruza kwa miezi kadhaa, na kinyama kilichochukuliwa kooni kimethibitisha saratani ya zoloto, yaani kiungo cha sauti kooni. Sasa ameagizwa CT scan ya shingo yenye dawa ya kudungwa mshipani, na tumesikia kuwa ipo CT mpya ya nishati mbili. Kipimo hiki kitatuambia nini zaidi, na je, tuisubiri hiyo mpya?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuuguza. Kinyama kimetaja ugonjwa. CT itaonyesha umeenea hadi wapi, yaani kama umebaki kwenye nyuzi za sauti, kama umefika kwenye tezi za limfu za shingo, na hasa kama umetoboa gegedu (mfupa laini) la kikoromeo, kwa sababu saratani iliyolitoboa hadi upande wa nje huhesabiwa kuwa ya hatua ya nne, na mara nyingi madaktari hupendekeza kuondoa zoloto lote.

Hapo kwenye gegedu ndipo CT ya kawaida hupata shida. Gegedu la mtu mzima huwa limegeuka mfupa sehemu fulani tu, na sehemu isiyogeuka hufanana sana na uvimbe pichani. CT ya nishati mbili hutumia eksirei za nguvu mbili, kwa mfano kilovolti 80 na 140, na kwa kuwa iodini iliyomo katika dawa hufyonza zaidi zile za nguvu ndogo, kompyuta huweza kuitenga na kuchora ramani yake: uvimbe hung'aa, ilhali gegedu lililo salama halionyeshi iodini. Vilevile hupunguza michirizi ambayo meno yaliyozibwa kwa madini huleta pichani, ingawa kwa zoloto, lililo chini ya meno, faida hiyo si kubwa.

Hata hivyo, msisubiri. CT ya kawaida iliyopigwa vizuri, kwa vipande vyembamba, hutosha kupanga matibabu ya wagonjwa wengi, na gegedu likileta shaka, MRI, yaani kipimo cha picha kinachotumia sumaku, inaweza kusaidia.

Mwelezeni mtaalamu kama baba ana ugonjwa wa figo, anatumia metformin (dawa ya kisukari) au aliwahi kudhurika na dawa ya iodini inayodungwa kwa CT. Dawa ikiingia atahisi joto mwilini, na wengine hudhani wamejikojolea. Hali hiyo hupita upesi. Apumue taratibu, asimeze mate wala kukohoa kwa sekunde hizo chache, kwani zoloto likitikisika picha hupoteza ukali wake kwenye nyuzi za sauti, mahali penyewe tunapopachunguza.