Upepo wa Utawala hauendeshi friji: maswali yenu kuhusu turbini za nyumbani

SWALI: Mhariri, hamjambo hapo. Nina nyumba ya chini mtaa wa Utawala, Nairobi, na jirani zangu hawajajenga gorofa bado. Kila mwezi natia tokeni za kama shilingi 4,500. Muuzaji mmoja amenipa bei ya turbini ya upepo ya "wati 1,000", mapanga matatu, kipenyo mita 1.2, aifunge juu ya paa kwa shilingi 85,000 bila betri. Anasema nitasahau habari ya tokeni. Ninunue?
Baba Wawili, Utawala

JIBU: Usinunue, ndugu yetu. Na kwa kuwa muuzaji amekutajia kipenyo, amekupa mwenyewe kipimo cha kumpimia.

Wati zilizobandikwa kwenye boksi ziache kwanza. Mapanga huchota upepo unaopita ndani ya duara lao tu, na duara la kipenyo cha mita 1.2 lina eneo la mita za mraba 1.13. Nguvu iliyomo kwenye upepo huo ni nusu ya uzito wa hewa, mara eneo, mara kasi kwa kasi kwa kasi. Mombasa, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa karibu kilo 1.2. Huku kwetu, karibu mita 1,600 juu ya bahari, ni karibu kilo 1. Kwa hiyo hata siku upepo ukivuma mita 12 kwa sekunde, kasi ambayo watengenezaji wengi hutumia kuandika wati zao, upepo wote unaopita kwenye duara hilo una wati 976. Hiyo 1,000 haimo hata ndani ya upepo wenyewe! Tena hakuna panga linaloweza kuuchota wote. Mjerumani Albert Betz alionyesha zaidi ya miaka 100 iliyopita kwamba kikomo ni asilimia 59.3, na turbini ndogo, ukitoa hasara za beringi, jenereta na nyaya, hubaki na asilimia 20 hadi 30.

Sasa upepo wa kweli wa paa lako. Tuseme wastani ni mita 3 kwa sekunde. Kwa paa la nyumba ya chini mtaani, hapo tumekuwa wakarimu. Kwa sababu hesabu ni kasi kwa kasi kwa kasi, upepo ukipungua nusu, nguvu inabaki moja kwa nane. Tukihesabu pia vipindi ambavyo upepo unapanda na kushuka, turbini yako itakupa wastani wa wati 7 hivi. Hiyo ni balbu moja ya LED. Kwa saa 24 ni uniti 0.17, na kwa mwezi ni uniti 5. Ukilipa karibu shilingi 30 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, umeokoa shilingi 150 kati ya zile 4,500. Kurudisha 85,000 kwa mwendo huo ni miaka 47. Hata wastani ukiwa mita 4, bado ni karibu miaka 20, na beringi za turbini ya bei hiyo hazifiki huko.

Tena paa ndipo mahali pabaya kuliko pote. Upepo ukigonga ukuta na mabati unavunjika na kuzunguka kama maji yanayopita kwenye jiwe. Turbini inageuka huku na huku ikitafuta upepo unakotoka, mapanga yanapoteza mwendo, na mtikisiko unateremka kwenye mbao hadi dari. Uingereza walifunga turbini 26 kwenye majengo kwa majaribio yaliyoitwa Warwick. Ripoti ya 2009 ilionyesha wastani wa uniti 0.2 kwa siku kwa kila mtambo, na Uingereza ina upepo kutuzidi.

Paneli moja ya jua ya wati 400 hapa Nairobi hutoa karibu uniti 1.5 kwa siku ya kawaida. Ni kama turbini tisa za huyo muuzaji, na haina kitu kinachozunguka. Peleka hizo 85,000 kwenye paneli na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe kama wa stima), uanze na vitu vinavyotumika mchana: friji, pampu ya maji, pasi.

SWALI: Nawasalimu. Tayari nina paneli mbili na betri. Shida yangu ni Julai: mawingu wiki nzima, na saa mbili usiku inveta inalia. Nimeambiwa upepo hujaza pale jua linapopungua. Je, turbini ndogo haitanisaidia miezi hiyo?
Mama Njeri, Kahawa Sukari

JIBU: Mama Njeri, wazo hilo ni zuri na katika nchi nyingi ni kweli. Ulaya majira ya baridi huja na dhoruba, jua likipungua upepo unapanda. Nairobi mambo yako kinyume. Upepo wetu hupata nguvu kuanzia Oktoba hadi Machi hivi, miezi ambayo jua nalo ni kali. Juni hadi Agosti, wakati wa yale mawingu mazito na baridi ya asubuhi, ndipo upepo nao unapolala. Na katika siku moja ni vivyo hivyo: huvuma alasiri, ardhi ikiwa imepashwa joto, kisha baada ya magharibi hutulia. Turbini yako ingesimama saa zile zile unazoihitaji.

Dawa ya Julai ni kuongeza paneli, maana paneli hutoa hata chini ya wingu, ila kidogo. Pale zinapotoa uniti 1.5 kila moja, Julai hesabu 1.1. Kama mahitaji yako ni uniti 3 kwa siku, paneli mbili zinakutosha Februari na kukuangusha Julai, weka tatu. Kabla ya hapo panda juu uzioshe. Vumbi la Kahawa likishikana na ukungu wa asubuhi hutengeneza tope jembamba linalong'ang'ania kwenye ukingo wa chini wa paneli, na mstari mmoja wa seli ukifunikwa, sehemu nzima ya paneli inaweza kukosa kutoa chochote.

SWALI: Mimi siko mjini. Ploti yangu iko upande wa Kona Baridi, juu kabisa, na upepo wa huku umewahi kunipeperushia mabati mawili. Nikitazama zile turbini za KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, kule Ngong zinavyozunguka, najiambia hii ni pesa inayopita bure. Nielekezeni.
Msomaji, Kona Baridi

JIBU: Kwako tunajibu tofauti. Mgongo wa vilima vya Ngong una upepo wa kweli. Ndiyo sababu turbini za kwanza zilisimamishwa pale mwaka 1993, na leo kituo hicho kina uwezo wa megawati 25.5. Lakini mabati kung'oka hakukuambii wastani. Dhoruba tatu kwa mwaka zinaweza kung'oa paa, na siku zingine zote kukawa shwari. Pima.

Anza na macho. Anika leso kwenye kamba mahali palipo wazi uitazame asubuhi, adhuhuri na jioni kwa mwezi mzima, ukiandika. Ikitikisika pindo tu, upepo hautoshi. Ikiinuka ikakaa imenyooka, majani na vitawi vikicheza bila kukoma, ni mita 3.5 hadi 5.5 kwa sekunde. Vumbi na karatasi zikiinuka chini na matawi madogo yakiyumba, umefika 5.5 hadi 8. Ukiona daftari lako limejaa hiyo ya tatu, sasa nunua kipima upepo cha vikombe chenye kuhifadhi kumbukumbu, ukifunge kwenye bomba kwa kimo kile kile turbini itakapokaa. Kiache mwaka mzima ukiweza. Ukishindwa, usikose Juni hadi Agosti, maana miezi hiyo ndiyo itakayokuambia ukweli. Wastani ukiwa chini ya mita 5, rudi kwenye paneli.

Ukifika mita 6, turbini ya kipenyo cha mita 2.4 inaweza kukupa uniti 4 hadi 5 kwa siku. Tunakuomba utambue kwamba paneli tatu za wati 400 hutoa kiasi hicho hicho. Kwa hiyo hata Kona Baridi tunashauri paneli ziwe za kwanza, na turbini ije kama nyongeza ya usiku na siku za mawingu ikiwa vipimo vyako vinaonyesha upepo huwa upo nyakati hizo.

Gharama kubwa iko kwenye mlingoti. Mapanga yakae angalau mita 9 juu ya mti au nyumba yoyote iliyo ndani ya mita 150. Kupanda kutoka mita 5 hadi 15 penye miti na nyumba kunaweza kuongeza kasi kwa asilimia 30, na nguvu ikazidi mara mbili. Kwa mlingoti wa mita 15 tumia bomba la GI (chuma lililopakwa zinki) la inchi 3, lenye bawaba chini ili lilazwe kwa matengenezo. Usiruhusu fundi apande. Nyaya za chuma za milimita 8 zishike pande nne, kwa vimo viwili, nanga za zege zikiwa mita 7.5 au zaidi kutoka katikati. Kila ncha ya waya ifungwe kwa klipu tatu. Hapa mafundi wengi hukosea: ule upinde wa U ukae upande wa ncha iliyokatwa, na tandiko la klipu likae upande wa waya unaovuta. Ukigeuza, U inauminya waya mkuu hadi nyuzi zinakatika moja moja, na mlingoti unaanguka siku ya upepo mkali, wakati hakuna anayeweza kuusogelea.

Fimbo ya ethi, ya kupeleka umeme ardhini, ipigwe chini ya mlingoti, kwa ajili ya radi. Nyaya za umeme nazo zisiwe nyembamba. Wati 400 kwa volti 24 ni ampea 17. Kwa umbali wa mita 30 kwenda na 30 kurudi, waya wa shaba wa milimita za mraba 6 hupoteza volti 3, karibu asilimia 13 ya umeme wako. Mfumo wa volti 48 kwa waya huo huo hupoteza asilimia 3 tu. Chagua 48.

Kila miezi sita laza mlingoti: kaza bolti zote, zungusha mapanga kwa mkono ukisikiliza beringi, na pitisha kidole kwenye makali ya mbele ya panga. Ukihisi ukwaruzo kama msasa, mchanga umeanza kulila.

SWALI: Nilifunga turbini ya wati 400, volti 24, na betri ya lithiamu. Wiki ya tatu kontrola iliungua usiku, betri ikiwa imejaa. Muuzaji anadai ni radi, lakini hakukuwa na mvua. Nini kilitokea?
Fundi kijana, Ongata Rongai

JIBU: Si radi. Paneli ukiikata kutoka kwa betri inakaa kimya. Turbini ukiikata inapaa: haina mzigo wa kuizuia, inazunguka kwa kasi zaidi, na volti zinapanda hadi kitu kiungue. Betri ya lithiamu ina mlinzi wa ndani anayeifunga inapojaa. Kwako alifunga, turbini ikabaki bila mzigo, kontrola ikapokea volti zote.

Unahitaji mzigo wa kumwagia umeme: rezista ya waya ya omu 1.5 hivi, yenye uwezo wa wati 600 au zaidi, iliyofungwa kwenye ukuta wa mawe mbali na mbao, maana inapata joto kali. Kontrola iwe ya upepo, si ya paneli, na ianze kumwaga kwenye volti 27.6, kabla mlinzi wa betri hajafikia 29 na kidogo zake. Kati ya turbini na kontrola weka swichi ya breki inayounganisha nyaya zote tatu za turbini kwa pamoja. Ikifungwa, mapanga yanasimama au yanatambaa. Ifunge upepo ukiwa umetulia, kwa sababu ukipiga shoti ghafla kwenye upepo mkali unaweza kuunguza koili za jenereta. Wakati wa kuunganisha, betri kwanza, kisha rezista, turbini mwisho. Wakati wa kufungua, breki kwanza.

SWALI: Nina gorofa saba za kupangisha Pipeline. Turbini zile za kusimama wima, zinazodaiwa kufanya kazi kwa upepo wa upande wowote, zitafaa juu ya slabu ili taa za ngazi zisinile?
Mwenye nyumba, Embakasi

JIBU: Hapana. Ni kweli hazichagui upande, lakini kwa kawaida huchota kidogo kuliko za mapanga matatu ya ukubwa sawa, na mngurumo wake utashuka kwenye slabu hadi kitandani kwa mpangaji wa gorofa ya saba. Zaidi ya hayo uko karibu na uwanja wa ndege wa JKIA, na kitu kirefu juu ya paa kinahitaji idhini ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa ndege.

Hesabu taa zako. Balbu 14 za wati 7 zikiwaka saa 12 ni uniti 1.2 kwa usiku. Paneli mbili za wati 400, betri ya lithiamu ya volti 24 na ampea-saa 100, na inveta ndogo zinatosha hata Julai. Funga paneli kwa bolti ndani ya slabu kisha uzibe matundu kwa dawa ya kuzuia maji, na betri ikae kwenye kisanduku cha chuma chenye kufuli.