Kabla Hujafunga Supachaja ya Umeme

Juzi msomaji mmoja wa Dodoma aliniuliza ni fundi gani amfungie supachaja ya umeme, yaani kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi ili ipate nguvu, kwa kuwa Toyota IST yake inachoka milimani. Nilitaka kucheka, nikashindwa, kwani miaka miwili iliyopita swali hilo nililiuliza mimi, na jibu lake lilinigharimu shilingi 310,000 pamoja na heshima yangu mbele ya shemeji.

Bila shaka wewe nawe hutaki gari jipya. Unataka hilohilo ulilonalo lichanganye. Mimi nilikuwa nimepitwa kwenye mlima Kitonga na Noah iliyosheheni abiria na magunia, na uchungu ule ndio ulionipeleka kukiagiza kifaa hicho. Fundi alikifunga kifaa kati ya boksi la filta na injini, akaweka swichi kwenye pedeli ya mafuta, akaniambia, "Bosi, hapa umemaliza."

Hesabu niliifanya baada ya kulipa, nanyi nawasihi muifanye kabla. Injini ya sentimita za ujazo 1,500 ikifika mizunguko 6,000 kwa dakika huvuta hewa inayokaribia lita 4,500 katika dakika hiyo. Ili uongeze shinikizo la hewa hiyo hata kwa theluthi moja tu, unahitaji kilowati zipatazo 3, yaani ampea 250 kwa volti 12, ilhali alteneta, ile inayozalisha umeme wa gari, kwenye gari dogo kama langu haifikishi hata ampea 100, na hizo zina taa, feni ya rejeta na kiyoyozi vya kulisha. Audi walipolitoa gari lao la SQ7 la dizeli mwaka 2016 wakiwa na kompresa ya umeme ya kweli, waliiwekea kompresa hiyo mfumo wake wa volti 48, nayo hula hadi kilowati 7. Changu kilikuwa feni ya plastiki yenye sura ya turbo.

Tulipoanza kupanda Kitonga, shemeji akiwa kando yangu, nilikanyaga mafuta hadi mwisho. Taa za dashibodi zilififia, feni ikapiga kelele, na mshale wa geji ya shinikizo, ambayo niliinunua kwa majivuno, haukuvuka sifuri hata mara moja. Katikati ya mlima tulisikia harufu ya waya unaoungua, fyuzi ikakatika. Mapanga yakasimama palepale kwenye njia ya hewa, injini ikawa inavuta pumzi kupitia kizuizi nilichokilipia mwenyewe, na gari likawa zito kuliko siku ya Noah. Shemeji alisema tu, "Twende taratibu, baba."

Kwa hiyo, ndugu zangu, pimeni kwanza. Muulize muuzaji kifaa kinakula ampea ngapi. Akikutajia 20 au 30, hiyo ni feni. Pimeni, na msidanganywe na neno "turbo" lililoandikwa kwenye boksi. Kumbukeni pia kwamba panga la plastiki likivunjika linaelekea kwenye injini, si barabarani, na kwamba kiungo kilichofungwa vibaya huingiza vumbi ambalo filta ingelizuia.

Uchovu wa gari langu, ilionekana baadaye, ulitokana na plagi nne zilizochakaa na filta iliyojaa udongo. Feni nilimpa kijana anayechoma mishkaki pale kona, akaiunganisha na betri kuukuu, na mkaa wake huwaka vizuri sana.