Kisukari kimegusa figo: umwone daktari gani?

Mgonjwa wa kisukari hapa Tanga akiambiwa mkojo wake una protini, ndugu huanza kuchangishana nauli ya Muhimbili. Subirini kidogo. Daktari wa kumwona huamuliwa na majibu mawili: uwiano wa albumini (aina ya protini) na kreatinini (taka inayotolewa na figo) kwenye mkojo, na kasi ya figo kuchuja damu, ile inayoandikwa eGFR kwenye karatasi ya maabara.

Kijiti cha mkojo hakitoshi, maana albumini ikiwa kidogo hakiioni. Homa, UTI na hedhi nazo hupandisha majibu, kwa hiyo kipimo kirudiwe. Ndani ya miezi 3 hadi 6, vipimo 2 kati ya 3 vikifika miligramu 30 kwa gramu au zaidi, figo zimeguswa.

eGFR ikiwa juu ya 60 na albumini chini ya 300, bingwa wa magonjwa ya ndani anayefuatilia kisukari chako, pale Hospitali ya Bombo kwa mfano, anatosha. Atashughulikia sukari, presha na dawa za kulinda figo kama losartan au enalapril. Moja tu, zisitumike pamoja. Wiki 2 hadi 4 baada ya kuanza, kreatinini na potasiamu zipimwe. Kreatinini ikipanda kwa chini ya asilimia 30, dawa iendelee. Inasikitisha kuona watu wakiachishwa kinga yao kwa sababu hiyo.

Omba barua ya rufaa kwa bingwa wa figo eGFR ikishuka chini ya 30, ikipungua kwa zaidi ya 5 kwa mwaka, au albumini ikibaki juu ya 300. Pima macho pia: protini ikiwa nyingi na retina (utando wa nyuma ya jicho) haina dalili za kisukari, huenda figo zina ugonjwa mwingine, na bingwa anaweza kuhitaji kuchukua kinyama cha figo. Daktari wa upasuaji wa njia ya mkojo ni wa mawe na tezi dume. Wengi hupoteza miezi kwake.

Nenda na majibu yote yenye tarehe, pamoja na dawa zenyewe, zikiwemo diclofenac ya mgongo na miti shamba. Uliza kuhusu metformin: chini ya eGFR 45 kwa kawaida hupunguzwa, chini ya 30 huachwa. Ukiwa na eGFR 40, hujisikii vibaya, na daktari anakupeleka moja kwa moja kwenye kusafishwa damu, tafuta maoni ya bingwa wa pili.