Kompyuta ingoje, hesabu kwanza

Mdogo wangu, unauliza kama uuze simu ili ununue kompyuta kabla ya kuanza mwaka wa kwanza wa umeme na kompyuta hapa Lubumbashi. Usiuze. Kitakachokukaba koo ni hesabu: namba changamano, integrali, kisha sheria za Ohm na Kirchhoff, zinazoeleza volti na mkondo kwenye saketi. Hizo zinataka kalamu na daftari.

Tafuta multimeta (kipimo cha umeme), betri ya volti 9, ledi nyekundu (kitaa kidogo) na rezista, kifaa kinachopunguza mkondo. Ledi inachukua kama volti 2, zinabaki 7. Ukitaka mkondo wa miliampea 20, yaani ampea 0.02, gawanya 7 kwa 0.02: omu 350, rezista ya 330 inatosha. Mimi niliunga ledi bila rezista, ikaungua palepale, na sokoni nilikuwa nimeipatana bei nusu saa!

Programu za lugha ya C unaweza kujifunzia kwenye simu hiyohiyo, hata umeme ukikatika.