Maswali ya Wasomaji: Nani Kaandika Makala Hizi?

*Mhariri, salaam. Nasoma shahada ya uzamili hapa Dodoma. Utafiti wangu ni kuhusu watu wanaoandika makala za magonjwa katika Wikipedia ya Kiswahili: ni wangapi, waliandika lini, nani kaongeza nini. Msimamizi wangu anasema nitafute fundi wa kompyuta anitengenezee programu. Mimi msimbo sijui hata mstari mmoja, na fedha ya fundi sina. Nifanyeje?*
Msomaji, Dodoma

Fundi mwache apumzike. Historia ya kila makala ya Wikipedia iko wazi kwa yeyote, na kwa makala mia mbili hivi unahitaji vitu vitatu vya bure: PetScan (tovuti inayoorodhesha makala za Wikipedia), lahajedwali (Google Sheets, au Excel ukiwa nayo) na OpenRefine, programu ya kupanga na kusafisha data, ambayo unaiweka kwenye kompyuta yako.

Anza na orodha. Fungua petscan.wmcloud.org, kwenye lugha andika sw, kwenye mradi andika wikipedia, na kwenye kisanduku cha jamii (kategoria za makala) andika Magonjwa, bila kutanguliza "Jamii:". Penye Depth, yaani ngazi za jamii ndogo utakazoshuka, weka 1, au 2 ukizidisha sana. Jamii hupangwa na watu wa kujitolea, kila mmoja kwa mtazamo wake, na ukishuka ngazi tano unaweza kujikuta kwenye wasifu wa watu na majina ya hospitali. Kwenye Output chagua CSV (faili ya jedwali la maandishi matupu), kisha bonyeza Do it! Orodha ikishatoka, ipitie kwa macho na ufute zisizohusika. Kazi hiyo hakuna chombo kitakachokufanyia, na ndiyo itakayoulizwa kwanza siku ya kutetea tasnifu.

Majina ya makala yawe safu A ya lahajedwali, kuanzia mstari wa pili. Katika B2 bandika fomula hii, kisha iburute hadi chini:

="https://sw.wikipedia.org/w/api.php?action=query&prop=revisions&rvprop=user%7Ctimestamp%7Csize&rvlimit=max&format=json&formatversion=2&redirects=1&titles="&ENCODEURL(A2)

Kila mstari sasa una kiungo kinachoomba historia ya makala moja. Usiondoe formatversion=2. Bila hiyo kila makala huwekwa chini ya namba yake yenyewe, na hatua inayofuata itakurudishia makosa matupu.

Hifadhi lahajedwali kama CSV na uifungue ndani ya OpenRefine. Bonyeza kishale cha safu ya viungo, chagua Edit column, halafu Add column by fetching URLs. Programu itapumzika sekunde 5 kati ya kiungo na kiungo. Usiipunguze bila sababu, maana seva hizo ni za watu wote. Kwa makala 200 ni kama dakika 17. Safu mpya itajaa maandishi yasiyosomeka. Kwenye safu hiyo chagua Edit cells, kisha Transform, na ubandike:

forEach(value.parseJson().query.pages[0].revisions,r,r.user+"#"+r.timestamp+"#"+r.size).join("||")

Isikutishe, ni fomula kama SUM, ila ndefu. Alama # na | zimechaguliwa kwa sababu Wikipedia hairuhusu jina la mtumiaji kuwa nazo, kwa hiyo hakuna jina litakalokatwa katikati. Sasa chagua Split multi-valued cells na alama ||, kisha Split into several columns na alama #. Utapata jina, wakati na ukubwa wa makala kwa baiti, kila badiliko mstari wake.

Hapa wengi huharibu: baada ya kugawa, jina la makala hubaki kwenye mstari wa kwanza tu na mingine yote huwa mitupu. Kabla ya kupanga au kuchuja chochote, nenda safu ya majina, Edit cells, Fill down. Ukipanga kwanza, umeshachanganya makala zote na hutajua badiliko lipi ni la makala ipi.

Mambo mawili ya kukagua. Kila ombi huleta mabadiliko yasiyozidi 500. Kabla ya ile hatua ya Transform, tafuta neno rvcontinue kwenye safu ya maandishi; makala zenye neno hilo zina historia zaidi, na unaipata kwa kuongeza &rvcontinue= na thamani uliyopewa mwishoni mwa kiungo. La pili, ukubwa ulioletwa ni wa makala nzima baada ya badiliko. Mchango wa mtu unaupata kwa kutoa ukubwa wa badiliko lililotangulia, ambalo liko mstari wa chini yake, kwa kuwa orodha huanza na jipya. Na hapo pia jihadhari: mhuni akifuta makala yote na mwingine akairudisha, aliyerudisha ataonekana kaandika baiti elfu nane kwa dakika moja.

*Hamjambo. Nimejaribu kuhesabu wachangiaji wa Wikipedia ya Kiswahili na kila chombo kinanipa idadi yake. Ukurasa wa takwimu wa Wikipedia yenyewe unasema hivi, stats.wikimedia.org inasema vile. Tena data nilizopakua kutoka Quarry zina tarehe za ajabu, 2.02E+13 kila mahali. Nani mkweli?*
Msomaji, Mombasa

Wote wakweli, wanahesabu vitu tofauti. Ukurasa wa takwimu wa Wikipedia humtaja mtumiaji kuwa hai akiwa kafanya jambo lolote, hata moja, ndani ya siku 30 zilizopita. Kwenye stats.wikimedia.org, tovuti ya takwimu ya Wikimedia (shirika linaloendesha Wikipedia), mwezi ni wa kalenda, na "hai" kwa kawaida ni mwenye mabadiliko 5 au zaidi. Unaweza kuchagua kundi la 1–4, 5–24, 25–99 au 100 na kuendelea. Andika katika tasnifu yako umetumia kipimo kipi na ulipakua siku gani. Tasnifu isiyosema hivyo haifai kulinganishwa na nyingine.

Halafu ondoa roboti. Kabla ya mwaka 2013, viungo vya lugha nyingine viliwekwa ndani ya kila makala, na programu za kujiendesha zilizunguka Wikipedia za lugha zote zikiviongeza. Wikidata, hazina ya data ya Wikimedia, ilipochukua kazi hiyo, zikanyamaza. Ndiyo maana makala ya zamani inaweza kuwa na mabadiliko sitini, na ya binadamu yakawa kumi. Chuja majina yanayoishia na "bot", ila usitegemee hilo peke yake. Fungua pia orodha ya watumiaji wa kundi la roboti katika kurasa maalum.

Wasiojiandikisha ni shida nyingine. Zamani walionekana kwa anwani ya IP. Kuanzia mwisho wa 2024 Wikimedia imekuwa ikiwapa akaunti za muda, tovuti moja baada ya nyingine, zenye jina linaloanza na ~ na mwaka. Akaunti hiyo hudumu siku 90 na imefungwa kwenye kivinjari kimoja. Mtu mmoja mwenye simu na kompyuta ni akaunti mbili. Mkahawa wa intaneti wenye IP moja ulikuwa watu ishirini. Hesabu mabadiliko yao ukitaka, lakini usiwaite "watu".

Kuhusu tarehe: Quarry, chombo cha kuuliza hifadhidata za Wikimedia, hutoa wakati kama namba ya tarakimu 14, mfano 20240315213000, na Excel hudhani ni namba kubwa ya hesabu. Data haijapotea. Badili muundo wa safu uwe Text kabla ya kuingiza faili, au kwa faili iliyokwisha kufunguliwa weka Number bila desimali. Namba hiyo ni 15 Machi 2024, saa 21:30 kwa UTC (saa ya dunia). Mombasa ilikuwa tayari saa sita na nusu usiku, tarehe 16. Ongeza saa 3 kwa Kenya, Tanzania na Uganda, na saa 2 kwa Burundi, Rwanda na mashariki ya Kongo, la sivyo jedwali lako la "siku za wiki" litakuwa limesogea.

*Majina ya watumiaji yako wazi mtandaoni. Naweza kuyaweka kwenye tasnifu?*
Msomaji, Kisumu

Kuwa wazi si sawa na ruhusa. Mtu aliyeandika juu ya UKIMWI au afya ya akili hakukubali kuwa mfano katika sura yako ya nne, na msomaji mjinga atadhani anaumwa. Wape alama, M001, M002 na kuendelea, na ufunguo wa majina uuweke faili tofauti yenye nywila. Usichapishe jina la makala pamoja na dakika ya badiliko: anayetaka ataifungua historia na kumpata mara moja. Maneno uliyonukuu kutoka kurasa za majadiliano pia hutafutika, kwa hiyo eleza kwa maneno yako.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na utafiti unahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Tanzania ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na kibali ni cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kamati ya maadili ya chuo ione mpango wako kabla hujapakua kitu. Ukitaka kuwahoji wachangiaji, tangaza kwenye ukurasa wa jumuiya wa Wikipedia. Ujumbe mmoja ulionakiliwa kwa watu hamsini unaweza kufutwa kama tangazo la biashara.

*Je, njia hizi zinafaa kwa OpenStreetMap? Nataka waliochora mitaa ya Dar es Salaam wakati wa Ramani Huria.*
Msomaji, Temeke

La, mfumo ni mwingine: OpenStreetMap ni ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, na Ramani Huria ulikuwa mradi wa kuchora ramani ya Dar es Salaam humo. Kule mabadiliko hupakiwa kwa mafungu, na wachoraji wa miradi mara nyingi huandika alama ya reli (hashtag, #) ya mradi katika maelezo ya fungu. Ingia OSMCha, tovuti ya kukagua mafungu hayo, kwa akaunti yako ya OpenStreetMap, weka alama ya mradi, eneo na tarehe, ukianzia 2015 mradi ulipoanza. Usichuje kwa eneo peke yake. Eneo la fungu ni mstatili unaozunguka kila kilichoguswa, na aliyerekebisha nyumba moja Temeke na barabara moja Mwanza kwa mkupuo mmoja atakuwa na mstatili unaofunika sehemu kubwa ya nchi. Ataingia kwenye orodha ya Dodoma, Morogoro na Shinyanga bila kuchora huko hata kibanda.