Jibu: kwa nini Cel7A huzubaa kwenye makapi ya miwa

Ndugu wa Jinja, umeuliza kwa nini kimeng'enya cha kuvu Trichoderma reesei kinaanza vizuri kwenye makapi ya miwa, kisha baada ya saa chache kinazubaa ilhali selulosi nyingi bado ipo, na ukiongeza dozi hupati nyongeza ya maana. Usinunue chupa nyingine kwanza. Angalia umbo la protini, maana sababu nyingi zimo humo.

Kimeng'enya unachotumia ni mchanganyiko wa protini kadhaa, na iliyo nyingi zaidi humo ni Cel7A, yenye asidi amino 497. Kichwa kinachokata kina takribani 434. Kinafuatwa na shingo nyembamba iliyobeba sukari za manosi, halafu guu dogo la asidi amino 36. Upande mmoja wa guu hilo ni bapa, na tirosini tatu (5, 31 na 32 kwa hesabu ya guu lenyewe) zimejipanga humo mstari mmoja, ndiyo maana hulala vizuri juu ya fuwele ya selulosi. Tatizo ni kwamba uso huohuo hunata pia kwenye lignini (gundi ngumu ya ukuta wa mmea), na protini iliyonata hapo haikati chochote.

Umbo la kichwa lilichapishwa na watafiti wa Uppsala mwaka 1994, faili 1CEL katika hifadhi ya maumbo ya protini (PDB). Ni karatasi mbili za beta (mikunjo bapa ya protini) zilizolaliana, na vitanzi virefu vimefunika juu yake hadi kukatokea handaki la nanometa 5 hivi. Mnyororo mmoja wa selulosi hupenya humo kama uzi kwenye tundu la sindano, ukitanguliza ncha ile inayojibu kipimo cha DNS (kemikali inayobadilika rangi ikikutana na ncha rejeshi ya sukari). Triptofani 40 (yaani asidi amino ya 40 katika protini) huupokea mlangoni. Ndani, glutamati 212 hushambulia kifungo, glutamati 217 hutoa protoni kisha huamsha maji, na aspartati 214 husaidia 212 kukaa sawa. Selobiosi moja (glukosi mbili zilizoungana) hutoka upande wa pili, mnyororo husogea, na mkato mwingine hufuata bila kimeng'enya kuuachia.

Ukitaka kuona mwenyewe, fungua faili 4C4C la hifadhi hiyohiyo, ambamo glukosi tisa zimejaa handakini. Humo 217 imebadilishwa kuwa glutamini ili isikate. Angalizo: UniProt (hifadhi ya mfuatano wa protini) huhesabu pamoja na asidi amino 17 za mwanzo zinazokatwa kabla protini haijakomaa, hivyo 212 utaikuta kwenye 229. Ukisahau hilo unaweza kubadilisha asidi amino isiyohusika.

Sasa kuzubaa. Handaki lililofungwa huipa Cel7A uvumilivu, lakini pia huinasa. Ikigonga kipande cha lignini, hemiselulosi (sukari nyingine za ukuta wa mmea) au Cel7A nyingine iliyokwama mbele, hairuki. Hubaki pale ikiwa nzima bila kazi. Kuongeza dozi huongeza foleni. Kinachosaidia ni Cel7B, kimeng'enya kingine cha kuvu hiyohiyo, ambayo ina umbo la aina hiyohiyo ila vitanzi vifupi, hivyo mfereji wake uko wazi na hukata katikati ya mnyororo, ikifungua ncha mpya. Cel6A, nayo ya kuvu hiyo, huanzia ncha ya pili ya mnyororo. Zaidi ya hayo, selobiosi ikirundikana hukaa kwenye mlango wa kutokea na kuziba. T. reesei hutoa kidogo beta-glukosidasi, kimeng'enya kinachokata selobiosi kuwa glukosi, kwa hiyo ongeza ile ya kuvu Aspergillus niger.

Kujua lipi linakusumbua, gawa mchanganyiko uliozubaa katika chupa nne, nyuzi 50 za Selsiasi, bafa ya sitrati milimola 50, pH 4.8. Moja iache hivyo; nyingine zipe beta-glukosidasi, makapi mapya, au kimeng'enya kipya. Makapi mapya yakiinua kasi, kimeng'enya kilikuwa hai. Kasi ikipanda kwa kimeng'enya kipya peke yake, cha kwanza kimemezwa na lignini au kimeharibika. Hapa DNS itakudanganya: selobiosi moja ina ncha moja inayosomeka, glukosi mbili zina mbili, hivyo chupa ya beta-glukosidasi itaonyesha ongezeko hata kama hakuna selulosi mpya iliyokatwa. Badilisha selobiosi ya sampuli zote iwe glukosi kwanza, kisha pima kwa glukosi oksidasi, kimeng'enya kinachopima glukosi peke yake.

Makapi yenyewe, nadhani ndiyo yenye kosa kubwa. Yapike kwenye otoklavu kwa sodiamu hidroksidi asilimia 1 hadi 2, nyuzi 121, dakika 30 hadi 60, uyaoshe mpaka pH iwe karibu na 7, na usiyakaushe tena: vitundu hujifunga na kimeng'enya hakipenyi. Hesabu uzito mkavu kutokana na sampuli ndogo ya pembeni. Albumini ya ng'ombe (protini ya damu yake, BSA) ikitangulia kabla ya kimeng'enya huziba sehemu za lignini zinazonata. Anayetumia maganda ya matoke ayaoshe kwanza kwa maji ya moto, kwa sababu tanini zake hushika protini hata kabla handaki halijaona mnyororo.