Kabla ya kupanda mikoko, someni maji

Kila tarehe 26 Julai inapokaribia, Siku ya Kimataifa ya Mikoko, vikundi vya vijana huku pwani hunipigia simu: "Kaka, miche tutaipata wapi?" Nafurahi sana kuona moyo huo. Lakini kabla ya habari za miche huwauliza: hapo mnapotaka kupanda, maji yanafika lini, na yakishafika yanakaa muda gani?

Tunasema mikoko kwa jumla, kumbe ni miti ya aina kadhaa na kila mmoja una mahali pake. Ukitoka baharini kuelekea nchi kavu, mara nyingi utaanza na mlilana, unaostahimili kuzama kila maji yanapojaa. Nyuma yake unakuja mkoko wenyewe, wenye mizizi iliyopinda kutoka shinani, kisha msinzi na mkandaa, na huku juu kwenye chumvi kali unamkuta mchu. Chuma jani la mchu siku ya jua, liguse kwa ulimi: chumvi. Mti huo hunyonya maji ya bahari, kisha chumvi ukaitoa kupitia majani. Mkoko haufanyi hivyo. Wenyewe huizuia chumvi mizizini. Ukiupeleka kwenye uwanda unaofikiwa na bamvua tu, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambako jua huacha chumvi imejaa udongoni, utaudhulumu.

Kosa ninaloliona zaidi ni kupanda mkoko kwenye tope tupu mbele ya bahari, kwa kuwa ni peupe na kuchimba ni rahisi. Kama hapo hapajawahi kuota mti wenyewe, pana sababu: maji yanakaa mno, mawimbi yanang'oa.

Kwa hiyo nendeni wakati wa bamvua, mrudi wakati wa maji mafu, yanapojaa kidogo tu, mchomeke vijiti pale maji yanapokomea. Waulizeni wavuvi na kina mama wanaookota kombe. Wanalijua tope hilo kuliko sisi. Tafuteni pia machipukizi yaliyojiotea. Mkiyaona mengi, pengine hapahitajiki kupandwa kitu. Na kama msitu umekufa kwa sababu barabara au tuta la shamba la chumvi limeziba mkondo, fungueni mkondo kwanza. Maji yakirudi, yenyewe huleta mbegu, mradi miti mama ipo jirani.

Mkilazimika kupanda, chagueni mbegu za mkoko zilizokomaa: pale tunda linapoungana na ule mche mrefu unaoning'inia pana pete ya manjano, na ukivuta kidogo tu inaachia. Ikigoma, iacheni. Kaa watakula baadhi, msiwaue kwa hilo. Mashimo yao hupitisha hewa kwenye tope, na majani wanayoyaburuta humo huwa mbolea.

Gazi, kule Kwale nchini Kenya, wanakijiji wanatunza hekta 117 za mikoko chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013. Wanauza hewa ya ukaa, yaani wanalipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na msitu huo, na fedha zimeingia kwenye maji ya kijiji na shule. Kupanda ni sehemu tu ya kazi yao. Kubwa zaidi ni kuulinda msitu uliopo usikatwe.

Kwa mlioko Tanzania Bara, mikoko ni hifadhi ya misitu ya serikali. Muoneni ofisa misitu wa wilaya kabla hamjagusa tope, na mwende naye hadi uwandani maji yakiwa yamekupwa.